Kabla hujapeleka begi Kogony, pale airport ya Kisumu: mizigo na malipo yake kwa ndege za bei nafuu

Ukipanda basi ya usiku Kisumu kwenda Nairobi na gunia ya mahindi, makanga anaitupia jicho, anataja bei, nawe unataja yako, mnakutana katikati na gunia inaingia kwa buti. Kwa ndege za bei nafuu hayo mapatano yapo pia, ila yaliisha siku ile ulinunua tiketi, na pengine hata hukujua yanaendelea juu ulikuwa unabonyeza endelea, endelea, ukikimbizana na bei isipande. Ile bei imeandikwa kubwa kwa tangazo ni ya mtu na kabegi kadogo, basi. Begi kubwa ina nauli yake, na hiyo nauli huwa inapanda kadiri unavyoikaribia ndege. Ukilipia siku ya kubuki ni rahisi, ukirudi baadaye kwa apu kuongeza mara nyingi inakuwa juu kiasi, kwa kaunta ya airport ni ghali, na kwa mlango wa kupandia ndege ndio unaumia kabisa.

Na usidhani huu ni ujanja wa hapa kwetu. American Airlines walianza kulipisha begi ya kwanza dola 15 mwaka wa 2008, wakati mafuta ilikuwa imepanda vibaya, halafu 2010 Spirit, ya hukohuko Marekani, wakalipisha hata ile begi unaweka juu ya kichwa ndani ya ndege. Wengine wakaona watu wanalalamika lakini wanalipa. Jambojet, ambayo ni mtoto wa Kenya Airways, ilianza kuruka 2014 kwa hesabu ya aina hiyo, nauli iwe chini, vingine uchague mwenyewe. Mimi kwa upande wangu sioni ubaya. Mtu anaenda Nairobi asubuhi kwa intavyu na jioni amerudi na bahasha yake, mbona alipie sanduku ya mwenye anahama nyumba? Kenye kinaudhi ni venye wanaandika, maandishi madogo huko chini, na majina ya fea, yaani aina za nauli, yanabadilishwa kila mara hadi huwezi jua ipi ina begi na ipi haina.

Kwa hivyo majina ya fea wachana nayo, soma tiketi. Ile PDF ama imeili ulitumiwa, tafuta mahali wameandika mambo ya mizigo, utaona kitu fupi kama 0PC, 1PC, 2PC, au 23K, 30K. PC inahesabu vipande, K ama KG inahesabu kilo. 0PC maana yake huna begi ya kuchekini hata moja, unabeba tu ya mkononi. Kama umekatiwa tiketi na ajenti mjini, hapo ndio uwe macho zaidi, juu wewe ulimwambia akutafutie ya bei ya chini kabisa na yeye akatii, ile ya chini kabisa ndio hii ya 0PC. Kabla hujamtumia M-Pesa mwambie akuonyeshe kwa skrini hiyo sehemu ya mizigo, asikuambie tu "iko sawa".

Tofauti ya vipande na kilo imesumbua watu wengi, wacha niieleze polepole. Kama umeandikiwa 30K, hesabu ni ya uzito, kwa kawaida unaweza kugawanya kwa begi mbili, 18 hapa 12 pale, lakini kuna kampuni zinaweka kikomo cha idadi ya begi kwa hivyo hakikisha. Kama umeandikiwa 2PC za kilo 23 kila moja, hiyo si kilo 46 za kufanya unachotaka. Ukikuja na begi moja ya 31 na nyingine ya 12, jumla iko chini ya 46, sawa, lakini ile ya 31 imepita na utalipishwa. Halafu kuna kikomo kingine ambacho karibu kila ndege inafuata, begi moja isipite kilo 32, hata uwe na pesa ya kulipia, juu kuna binadamu wanaziinua kwa mikono na migongo yao. Hapo utaambiwa tu ufungue ugawanye.

Mko wawili, mke na mume, yako ina 27 na ya mama ina 15? Kampuni zingine zinakubali kuwajumlishia kama mko kwa bukingi moja, zingine kila mtu abebe msalaba wake. Hamisheni tu vitu nyumbani, yaishe.

Tuje begi ya mkononi, hapa ndio watu hunaswa wakidhani wameponyoka. Jambojet wanaruhusu kilo 7, flydubai pia ni 7, Air Arabia 10. Sasa chukua ile sanduku ya magurudumu unaipenda, ipime ikiwa tupu, mara nyingi imeshakula kilo 2 na nusu ama 3 kabla hujaweka hata soksi. Umebaki na 4. Laptopu na chaja yake imechukua 2. Unaona mambo? Begi ya mgongoni ya kitambaa inakupa nafasi zaidi, hata kama haikai kibosi. Na ndege nyingi za njia ya Kisumu si zile kubwa, Jambojet wanatumia Dash 8-400 ya mapanga yenye siti 78, zile kabati za juu ni finyu, sanduku ngumu inaweza kukataa kuingia na wakaichukua pale chini ya ngazi iende kwa buti ya ndege. Kama ndani kuna dawa, pasipoti au simu, zitoe kwanza.

Kama mtoto yuko Ulaya na amekubukia Ryanair au wenzao, huko wanapima saizi kuliko uzito. Ile begi ya bure ni ya kuingia chini ya siti, Ryanair na Wizz Air ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, easyJet 45 kwa 36 kwa 20, na magurudumu na kishikio vinahesabiwa. Kuna kisanduku cha chuma wanakuambia uingize begi, isipoingia unalipa hapohapo. Chukua tepu ya fundi wa nguo upime begi ikiwa imejazwa, si ikiwa tupu, juu ikijaa inafura mbele.

Kupima uzito nayo, hapa Kisumu huna sababu ya kukosa mizani. Wauza samaki na wanunuzi wa skrapu wanazo zile za kuning'iniza zenye ndoano. Ingiza ndoano kwa kishikio cha begi, inua mpaka begi iache chini kabisa, ngoja sindano iache kucheza ndio usome, si kusoma ikiwa bado inayumba. Ila mizani ya mnunuzi wa skrapu usiiamini sana, hiyo ilishafundishwa kumpendelea mwenyewe. Kama jirani ana ile ya kusimama, panda ukiwa umebeba begi, panda tena mikono mitupu, toa. Kwa yoyote ile jiachie nafasi ya kilo moja juu ya kaunta hawajali mizani yako ilisema nini, wanasoma yao.

Sasa wenye wanaenda Ghuba, na kutoka Kakamega, Busia, Siaya huku ni wengi, sikizeni hii vizuri. Tiketi ya Nairobi kwenda huko inaweza kukupa kilo 30 ama begi mbili, unafurahi, unapakia. Lakini umekata tiketi nyingine kando ya Kisumu mpaka Nairobi, na hiyo inasema 0PC au kilo 23. Yule wa kaunta ya Kisumu hajali unaenda wapi baadaye, yeye anaangalia tiketi iliyo mbele yake, atakulipisha tofauti. Na kama ni tiketi mbili tofauti, usitarajie begi ijipeleke yenyewe mpaka mwisho, unaichukua Nairobi, unavuka nayo upande wa ndege za kimataifa, unapanga laini upya. Kuna pia ndege za Kisumu zinatua Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, wala si JKIA ule mkubwa wa ndege za kimataifa, hapo ni teksi, jam ya Lang'ata Road na presha juu. Ukipata tiketi moja inayoshika safari yote kutoka Kisumu, hata kama ni ghali kidogo, weka kwa mizani pamoja na hizo gharama za njiani ndio ulinganishe. La sivyo safiri na begi ya mkononi kwa ndege na mzigo mkubwa utangulie na basi, kampuni kadhaa za basi hapa zinabeba parseli usiku na asubuhi iko Nairobi, mtu wako anaichukua na kitambulisho. Watu wa Nakuru hii haiwahusu sana, nyinyi mnashuka JKIA kwa barabara, begi yenu inapimwa mara moja tu.

Samaki. Najua ulikuwa unangoja hapa. Omena kavu na samaki wa kukaushwa kwa safari za ndani hupita vizuri vikifungwa, shida ni harufu na maji. Mbuta mbichi mgandishe mpaka awe jiwe, mfunge kwa karatasi za gazeti tabaka kadhaa, kisha ndani ya kontena ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, halafu kontena kwa katoni iliyopigwa selotepu pande zote. Barafu ya kawaida usiweke, itayeyuka na wafanyakazi wakiona kitu kinadondoka wanaitoa kando. Pigia kampuni simu siku moja kabla uwaambie ni samaki, wengine wana masharti yao ya kufunga. Na hiyo katoni inahesabiwa kama begi, ina kilo zake, usiseme ni zawadi kwa hivyo haihesabiwi, hapana. Kwa nchi za nje ni habari nyingine, nyama, samaki na maziwa zinaweza kutupwa ukifika hata kama ulilipia kilo zake, kwa hivyo angalia sheria za kule unakoenda kabla hujamwambia mama achome samaki.

Asali, samuli, mursik, hizo zote ni vya majimaji. Kwa safari za kimataifa mkononi unaruhusiwa chupa zisizopita mililita 100 kila moja, zote zitoshe kwa mfuko wa lita moja unaoonyesha ndani. Chupa kubwa iende kwa begi ya kuchekini, ifungwe mara mbili. Mursik nayo inachacha na kufura, chupa ikijaa mpaka mdomoni itafunguka yenyewe huko ndani na nguo zako zote zinuke maziwa. Pawabenki ni kinyume, hiyo haikubaliwi kabisa kwa begi ya kuchekini, lazima uwe nayo mkononi, na isipite wati-saa 100 bila ruhusa ya kampuni. Ile imeandikwa 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, iko sawa. Yenye maandishi yamefutika wanaweza kuichukua.

Ukifika kaunta na umepita kilo zako, usianze na hasira. Uliza maswali mawili, kilo moja ya ziada ni pesa ngapi, na begi ya pili nzima ni pesa ngapi. Tuseme kilo ni shilingi 300 na umepita kwa 8, hiyo ni 2,400, na begi ya pili pengine ni 2,000, basi nunua begi, gawanya. Kama umepita kwa 2 tu, toka kwa laini, vaa jaketi na viatu vizito, tia vitabu mifukoni, rudi. Utaona watu wamepiga magoti pale sakafuni sanduku ikiwa wazi, mama anavaa leso ya tatu juu ya nyingine na unga wa wimbi umehamia kwa mkoba, hakuna aibu hapo. Na fika mapema, juu mambo kama haya ukiwa umechelewa unalipa tu chochote wanasema.

Mwisho ni ile stika wanakupa ukiacha begi. Usiitupe mpaka ufike nyumbani ufungue uhakikishe vitu viko. Piga picha ya begi kabla ya kuiacha, nje na ndani. Begi isipotokea kwa mkanda, usitoke airport, nenda kaunta yao wakuandikie ripoti yenye namba. Kwa safari za kimataifa Mkataba wa Montreal, ule wa nchi nyingi kuhusu haki za abiria wa ndege, unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama begi imeharibika, na siku 21 tangu uletewe kama ilichelewa, na tangu Desemba 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha pesa cha shirika la IMF), hiyo inakaribia dola 2,000. Hawakupi hiyo yote tu hivi hivi, wanalipa kile unaweza kuonyesha, kwa hivyo kama begi imebaki nyuma na umelazimika kununua mswaki, shati na chaja, itisha risiti ya kila kitu.