Somo: Mkojo Unaouma na Kibofu Kisichotulia, Hatua kwa Hatua

Mtu anapokojoa kwa maumivu au anapokwenda msalani kila baada ya nusu saa, jambo la kwanza analolifikiria ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na la pili ni dawa. Wapo waliomeza antibiotiki mara nyingi kwa tatizo lisilotokana na bakteria, na wapo ambao bakteria walikuwamo kweli lakini dawa waliyopewa haikuwafaa. Ndiyo maana katika somo hili dawa imewekwa hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: Tambua sehemu iliyoathirika

Mkojo hutengenezwa na figo, hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Mrija huo wa mwisho una urefu wa takriban sentimita 4 kwa mwanamke na 20 kwa mwanamume. Tena kwa mwanamke tundu lake liko karibu na njia ya haja kubwa, ambako huishi kwa kawaida bakteria aitwaye Escherichia coli, msababishi mkuu wa maambukizi haya. Umbile hilo ndilo linalowafanya wanawake waugue zaidi, na kumwambia mwanamke kila anapougua kwamba hajisafishi ni kumwonea.

Maambukizi yakiwa kibofuni, mgonjwa huhisi mkojo ukichoma, hubanwa ghafla, hutoa kidogo kidogo, huumwa chini ya kitovu, na mara nyingine huona damu. Homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya mgongoni chini ya mbavu huashiria kwamba figo zimeguswa, na mtu huyo anapaswa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mjamzito mwenye dalili na kwa mtoto mchanga mwenye homa. Mtu ambaye kibofu kimejaa na mkojo hautoki kabisa anahitaji kuwekewa mpira wa mkojo haraka.

Hatua ya pili: Toa sampuli inayoaminika

Majibu mengi ya kupotosha huanzia chooni, kabla kopo halijafika maabara. Nawa mikono, mwanamke atenganishe mashavu ya uke na kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, na mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Mkojo wa mwanzo uachie uende, kinga ule wa katikati bila kugusa ndani ya kopo, kisha umalizie chooni. Sampuli ifike maabara mapema au ihifadhiwe kwenye jokofu, kwa kuwa bakteria wachache waliotoka kwenye ngozi, wakiachwa katika joto la kawaida kwa saa kadhaa, huzaana hadi waonekane kama ugonjwa.

Inafaa pia mkojo uwe umekaa kibofuni kama saa 4. Kijiti cha kupimia mkojo hutafuta naitraiti, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya bakteria, nao huhitaji muda kuitengeneza. Kwa kuwa si bakteria wote wanaoitengeneza, kuikosa hakuthibitishi kwamba huna maambukizi. Chembe nyeupe za damu nazo huonyesha kwamba kuna mwasho au uvimbe katika njia ya mkojo, ambao unaweza kuletwa na magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, au hata mawe katika njia ya mkojo.

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha kuotesha mkojo, yaani kuwakuza maabara bakteria waliomo, ambacho huchukua takriban siku 1 hadi 3 na hutaja bakteria aliyepo pamoja na dawa zinazomuua. Mwanamke mwenye dalili za wazi kwa mara ya kwanza anaweza kutibiwa bila kukisubiri, lakini mjamzito, mwanamume, mtoto na yeyote ambaye ugonjwa umemrudia wasikikose.

Ikiwa bakteria wameonekana na huna dalili yoyote, kwa kawaida hutibiwi. Mjamzito hutibiwa, kwa sababu kwake bakteria hao wanaweza kupanda hadi kwenye figo, na pia mtu anayekaribia kufanyiwa baadhi ya upasuaji wa njia ya mkojo.

Hatua ya tatu: Tumia dawa uliyopangiwa

Nitrofurantoini, kwa mfano, mara nyingi hutolewa kwa siku 5 kwa maambukizi mepesi ya kibofu, na hufanya kazi vizuri kwa sababu hujikusanya katika mkojo. Haifikii kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo, kwa hiyo dawa iliyomponya dada yako kibofu inaweza kukuacha na figo zinazoendelea kuugua. Usipoona nafuu baada ya siku 2, rudi hospitali, usijiongezee dozi.

Kuhusu maji, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha wanawake waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Walioongeza lita 1.5 kwa siku walipata maambukizi karibu nusu ya wenzao. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aulize kwanza.

Hatua ya nne: Vipimo vikiwa safi, chunguza kibofu chenyewe

Kwa siku 3 andika saa ya kila haja ndogo, kiasi cha mkojo kwa kikombe chenye vipimo, ulichokunywa, na kila mara ulipovuja. Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba takriban mililita 400 hadi 600. Anayekwenda mara nyingi na kutoa mililita 80 ana tatizo tofauti na anayetoa 400 kila mara, ambaye anapaswa kupimwa kisukari.

Kibofu chenye haraka hufundishwa: ongeza dakika 15 kati ya safari moja na nyingine, na ukizoea ongeza tena, hadi ufikie saa 3 au 4. Punguza kahawa na chai, na tibu tatizo la kufunga choo, maana utumbo uliojaa hukibana kibofu. Anayevuja akikohoa au akicheka afanye mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga (ile unayoikaza kuzuia mkojo) mara 3 kwa siku kwa angalau miezi 3.

Damu kwenye mkojo isiyoelezeka kwa maambukizi haipaswi kupuuzwa, hata kama haiumi. Inaweza kuwa kichocho kwa aliyeoga au kuvua katika maji yenye ugonjwa huo, na inaweza kuwa saratani.

Maswali ya wanachama

Swali: Daktari, shikamoo. Nimeambiwa nina UTI sugu na nimechomwa sindano mara tatu mwaka huu. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Uliza kama mkojo wako uliwahi kuoteshwa. Kama haujawahi, anzia hapo, tena kabla ya kumeza dawa nyingine. Mara 2 ndani ya miezi 6 au 3 ndani ya mwaka, zikithibitishwa, ndizo huhesabiwa kuwa maambukizi ya kujirudia, na zina mpango wake wa kinga. Kama umeshafikia ukomo wa hedhi, mwulize daktari wako kuhusu krimu ya ukeni yenye estrojeni, homoni ya kike.

Swali: Je, kukojoa baada ya tendo la ndoa husaidia?

Jibu: Ushahidi wake si mkubwa, lakini hakuna hasara. Dawa za kuua mbegu za kiume ndizo zinazoongeza hatari, kwa hiyo anayezitumia na kuugua mara kwa mara abadilishe njia ya uzazi wa mpango.

Swali: Mzee wangu ana miaka 68, mkojo wake hutoka kwa mkondo dhaifu na huamka mara nne usiku. Ni UTI?

Jibu: Apimwe mkojo, lakini achunguzwe pia tezi dume. Awe mwangalifu na dawa za mafua, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kuufunga mkojo kabisa.

Swali: Mama mkwe ana miaka 80. Mkojo unanuka na tangu jana anachanganyikiwa. Tumpe antibiotiki?

Jibu: Harufu peke yake si ugonjwa, na mara nyingi huonyesha upungufu wa maji. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunahitaji daktari leo, na mkimpeleka bebeni dawa zake zote, mweleze lini alipata choo mara ya mwisho, amekunywa kiasi gani, na kama amewahi kuanguka siku hizi.