Umepoteza ufunguo wa nati za tairi ukiwa Uingereza? Usianze na nyundo

Pancha yangu ya kwanza Birmingham niliipatia maegesho ya supamaketi, jioni ya mvua. Jeki ipo, spana ipo, hata tairi la akiba lipo. Nati nne zikalegea vizuri, ya tano ikanigomea. Kichwa chake hakikuwa na pembe sita kama wenzake, bali mchoro kama ua.

Magari mengi ya huku yenye rimu za aloi huwa na nati moja ya aina hiyo, ya kufuli, kwenye kila gurudumu, kuwakwamisha wezi wa rimu. Ufunguo wake ni kisoketi maalumu, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya nati na spana. Ukinunua gari la mtumba usipokiulizia, unaweza kuishi miaka miwili bila kujua kwamba hukupewa.

Kwanza kitafute. Angalia kasha la dashibodi, mfuko wa kitabu cha gari, na chini ya sakafu ya buti pale jeki inapolala. Fungua pia vifuniko vya pembeni ya buti. Kisha pigia simu gereji iliyobadilisha tairi mara ya mwisho, maana mara nyingi kisoketi husahaulika kwenye mdomo wa mashine yao ya upepo ya kufungulia nati.

Kisipoonekana, tafuta namba yake ya siri. Huenda imeandikwa kwenye kadi ndogo ndani ya mfuko wa kitabu, na kwa namba hiyo unaweza kuagiza kingine. Bila namba, nenda kwa wakala wa gari lako na hati ya gari. Mawakala wa Volkswagen na ndugu zake, Audi wakiwemo, huwa na sanduku la funguo wanazojaribu moja moja hadi mmoja uingie.

Wakala naye akishindwa, hapo ndipo zamu ya nguvu inafika. Kwetu nyumbani, fundi wa kando ya barabara angemaliza kabla chai haijapoa, na mbinu yake si mbaya: soketi ya pembe kumi na mbili, ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati, inapigwa nyundo mpaka iume, kisha inazungushwa kwa mkono mrefu wa spana. Zipo pia soketi zenye meno ya kinyume ndani, ambazo kadiri unavyofungua ndivyo zinavyozidi kung'ata. Gari liwe bado limekanyaga chini, breki ya mkono imevutwa, na macho yako yana miwani.

Lakini tazama nati kwanza. Ikiwa ina pete ya nje inayozunguka bure, soketi haitashika kitu. Ikiwa imezama kwenye tundu jembamba, utachubua rimu. Kutoboa kwa drili usijaribu: chuma chake ni kigumu, na ukikosea unaharibu habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Mwite fundi anayekuja nyumbani kwa kazi hii, mpatane bei ya nati zote nne za kufuli kabla hajashusha vifaa.

Ukizitoa, weka za kawaida. Beba moja ya zile za zamani dukani ulinganishe uzi, urefu na umbo la sehemu inayokalia rimu. Nyingine zimechongoka kama koni, nyingine ni duara kama mpira. Zisipolingana zinaweza kulegea njiani. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha uzikague tena baada ya kilomita 50 hivi. Mimi sikurudisha za kufuli. Rimu zangu zimechubuka pande zote kwa kugonga kingo za barabara, na mwizi atakayezitaka ana shida kuliko mimi.

Na kama gari linasafirishwa Mombasa au Dar, nati hizo zitoe kabla halijapanda meli. Ukiamua kuziacha, piga picha namba ya ufunguo, kisha ufunguo wenyewe ufunge kwa waya kwenye jeki, na umwambie atakayelipokea gari bandarini mahali ufunguo ulipo.