Namna ya kuongea na mgonjwa anayevuta fegi mpaka akusikize

Kosa letu sisi wa hospitali ni kuanza na mapafu. Mzee ile picha ya kwenye paketi ashaiona miaka, haimtishi. Mimi huanza hivi: "Ami, ukiamka, fegi ya kwanza wavuta saa ngapi?" Akisema ndani ya nusu saa basi jua nikotini imemshika kweli, atataka dawa, si nasaha peke yake.

Halafu muulize anavutia wapi na nani, manake huku Lamu sigara haitembei peke yake, asubuhi iko na kahawa tungu barazani na jioni iko na muguka (majani ya kutafuna kama miraa), sasa ukimwondolea fegi ukamwachia hivyo vingine vyote wiki haiishi ashaomba moja kwa mwenzake.

Muulize pia, kutoka 0 hadi 10, yuko tayari kiasi gani. Akisema 4 usimuulize mbona si 10, muulize mbona si 1. Hapo atakutajia sababu zake mwenyewe, mjukuu ana pumu, pesa, pumzi zinakata akipanda ngazi. Akikataa usigombane naye, akirudi muulize tena.

Akikubali, mchague siku ya kuacha, isipite wiki mbili. Wengine hutaka Ramadhani, sawa tu, kutwa anakaa bila, kazi iko baada ya futari.

Kwenye dawa, chingamu ya nikotini ndiyo wanayoikosea sana. Anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka mpe ya miligramu 4, wengine 2. Asiitafune mfululizo kama bigijii, atafune polepole mpaka ahisi inawasha kama pilipili, aiweke shavuni (walaji muguka hapo hawahitaji somo lol), ikitulia atafune tena. Na asinywe kahawa dakika 15 kabla wala ikiwa mdomoni, nikotini haitaingia vizuri.

Kahawa yenyewe apunguze kama nusu. Moshi wa sigara hufanya mwili umalize kafeini haraka, sasa akiacha, vikombe vile vile vitamkesha na moyo umwende mbio, naye adhani ni arosto, yaani mwili unadai nikotini.

Arosto yenyewe siku 2 au 3 za kwanza ndiyo kali, hasira tupu, kisha hupungua polepole kwa wiki 2 hadi 4. Mwambie na mkewe ajue. Ile hamu ikipanda hudumu dakika chache tu, anywe maji, atoke atembee mpaka forodhani arudi.

Muone tena wiki hiyo hiyo ya kwanza, hata kwa simu. Akiwa kavuta moja usimpigie kelele, muulize tu alikuwa wapi, mara nyingi ni baraza ile ile.