Kuku walale vizuri msimu wa baridi: banda la nyumbani Njombe

Jirani ameniomba niandike tulivyorekebisha banda lake, ili na shemeji yake wa Makete asome kabla Juni haijakolea. Haya ni ya kuku wakubwa. Vifaranga wana habari yao; wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35.

1. Piga mabanzi kuanzia chini hadi kupita vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Anza upande unakotokea upepo.

2. Kichanja kiwe mbao ya mbili kwa nne, ubapa juu. Juu ya ufito mwembamba kuku hukunja vidole, ncha zikabaki kwenye baridi. Kwenye ubapa anakalia miguu yake na manyoya ya tumbo yanaifunika yote.

3. Hewa. Baridi ikianza tu, watu huziba kila tundu kwa nailoni. Nailoni mimi siitaki bandani kabisa. Kuku anatoa mvuke usiku kucha kwa pumzi, na kinyesi chake kina maji mengi. Mvuke ukikosa njia unagonga bati, unageuka maji na kuwadondokea mgongoni. Kuku mkavu anastahimili baridi yetu; aliyelowa hatoboi. Kwa hiyo acha uwazi wa upana wa kiganja chini ya bati, pande mbili, na uupigie wavu kwa ajili ya vicheche. Uwazi ukilingana na vichwa vyao, upepo unawapiga: shusha kichanja, usizibe uwazi. Mvua ikiingia, refusha bati litokeze nje. Halafu pima: alfajiri, kabla hujawafungulia, pitisha mkono chini ya bati, kwa ndani. Ukilowa, ongeza uwazi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia. Ongeza uwazi na utoe kinyesi. Bati likiwa kavu lakini manyoya yanapeperuka usiku, kuna ufa kwenye mabanzi, rudi hatua ya kwanza.

4. Mwaga maranda ya kutosha. Njombe na mbao zote hizi, hakuna kisingizio. Vumbi la msumeno usichukue, linawaziba pua.

5. Jioni wape mahindi ya kuparaza kabla hawajapanda.

Shemeji aliuliza kuhusu jiko la mkaa. Hapana. Hewa yake ya sumu haina harufu, na maranda yanashika moto upesi. Kuku mwenye manyoya kamili hahitaji hata taa.