Mahindi ya masika kwenye mchanga wa Malindi

Mahindi yakigeuka manjano mwezi wa Mei, wengi husema yamezidiwa na maji. Kumbe yana njaa. Udongo mwekundu wa Magarini, jirani na Malindi, ni mchanga mtupu, na mvua kubwa ikipiga, naitrojeni, chakula kinachoyapa majani ukijani, huteremka na maji hadi mizizi isikofika. Mbolea unayo, ila iko chini mno.

Anza na samadi kabla ya mvua za Aprili, maana ndiyo inayoufanya mchanga ushike maji. Iwe imeoza sawasawa. Chomeka kijiti katikati ya lundo, kiache dakika 10, kisha kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, samadi bado, na itaunguza miche. Weka viganja viwili kwa kila shimo. Kuitawanya shamba zima ni anasa ya mwenye zizi kubwa.

Manyunyu ya kwanza yasikudanganye. Chimba uone: unyevu ukifika shibiri moja kwenda chini, panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Mbegu za Pwani kama PH4 zinalifaa joto letu. Zile za nyanda za juu huchelewa kukomaa na mvua ikazikimbia. Mstari hadi mstari sentimita 90, shimo hadi shimo 60, mbegu tatu, kisha ng'oa mche mmoja ulio dhaifu. Ekari moja hutoka mashimo 7,500 hivi, nayo hutaka kilo 8 hadi 10 za mbegu.

DAP, mbolea ya kupandia, ni kizibo kimoja cha soda kwa shimo, sawa na mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Ichanganye na udongo, funika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea huweza kuungua isiote, halafu lawama humwendea mwenye duka.

CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, ndiyo inayopotea zaidi, basi igawe. Kilo 25 mahindi yakifika magotini, nusu kizibo kwa shimo, umbali wa kiganja kutoka kwenye mmea. Kilo 25 nyingine kabla tu ya kutoa mbelewele. Palilia kwanza, ama utakuwa unalisha magugu. Ardhi iwe na unyevu, lakini wingu likiwa jeusi, ahirisha.

Katikati ya mistari panda pojo, mstari mmoja, sentimita 15 kati ya mche na mche. Pojo za aina ya N26 huiva kwa siku 65 hivi, mahindi yakiwa bado yanajaza punje. Usitarajie pojo yanenepeshe mahindi ya msimu huo huo. Faida ya pojo kwa udongo huja vuli. Kwa hiyo ukivuna usiyang'oe. Chuma maganda, kata mashina, mizizi iache iozee humo humo.

Mabua nayo yalaze kati ya mistari, usiyachome. Shida ni mbuzi, ambao baada ya mavuno huachiwa wakazurura. Zungumza na jirani mapema, au weka kizuizi cha miba.