Kutoka tinti za magari hadi vioo vya majengo: anza kwa kukijua kioo

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa tinti za magari tu. Nilipoitwa mara ya kwanza kubandika ofisi niliona nimepata kazi nyepesi: kioo bapa, hakina mgongo wala kona za kuvuta kwa hita. Nikachukua tinti nyeusi iliyobaki karakana, nikaibandika, ikatulia vizuri kabisa. Siku ya tatu mwenye ofisi akanipigia simu kwamba kioo kikubwa cha upande wa mashariki kimepasuka chenyewe. Nilikuta ufa umeanzia ukingoni, umenyooka kidogo kuingia ndani, kisha ukaanza kupinda ovyo. Hakuna aliyekirushia jiwe. Joto la tinti yangu ndilo lililokipasua, na nilikilipia.

Fundi mwenzangu unayetaka kuhamia majengo, mkono wako tayari unajua kukamua maji. Unachokosa ni kukijua kioo chenyewe.

Kioo cha mlango wa gari kwa kawaida kimekazwa kwa moto kiwandani, ndiyo maana kikivunjika hugeuka chembechembe. Kinavumilia joto lisilo sawa. Madirisha mengi ya nyumba ni kioo cha kawaida, na hicho hakivumilii hivyo. Filamu nyeusi, yaani karatasi yenyewe ya tinti, hunyonya jua na kulihifadhi joto ndani ya kioo. Katikati panatanuka, huku ukingo uliofichwa ndani ya fremu ukibaki wa baridi. Ukingo unavutwa, na kama una pengo dogo lililoachwa na mkata vioo, ufa unaanzia hapo. Kivuli cha paa kinachoangukia nusu ya kioo huongeza hatari, na pazia zito linalofungwa nyuma yake vilevile. Kioo cha tabaka mbili, yaani vioo viwili vilivyoachiana nafasi katikati, ni kibaya zaidi, kwa sababu joto hukosa pa kutokea, na kizibo cha kingo kati ya vioo hivyo kikichoka utaona ukungu ndani usioweza kufutika.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, kagua. Tafuta mhuri mdogo wa kiwanda kwenye kona, ambao mara nyingi huonyesha kioo kilichokazwa. Sogeza mwanga wa tochi karibu na kioo, utazame kwa pembeni: tabaka moja hutoa taswira mbili zilizokaribiana, tabaka mbili hutoa nne. Pitisha macho kingo zote kutafuta nyufa. Kioo chenye nyavu za waya ndani kiache kabisa kama ndiyo unaanza, na kile chenye mikwaruzo ya urembo upande wako hakitashika gundi. Halafu fungua jedwali la mtengenezaji wa filamu, linaloonyesha filamu ipi inafaa kioo kipi. Tazama kiasi cha joto kinachonyonywa, usitazame weusi peke yake. Jedwali likikataa, tafuta filamu nyingine au ile ya kubandikwa nje. Usibishane nalo kwa sababu mteja ana haraka.

Ukataji nao unabadilika. Kwenye gari tumezoea kukata umbo kwa nje na kulikaza kwa joto. Kwenye jengo unakata kipande kilichozidi sentimita mbili au tatu kila upande, unakibandika, unakikamua, ndipo unakipunguza palepale kwa kufuata rula ya plastiki. Acha nafasi ya milimita moja hadi mbili kuzunguka fremu. Mwanzoni nafasi hiyo iliniuma sana, maana mteja wa gari akiona mstari wa mwanga anarudisha gari. Lakini filamu ikipanda juu ya mpira au silikoni, maji hayana njia ya kutoka na ukingo unanyanyuka. Wembe mpya kwa kila dirisha, tena wa chuma kisichoshika kutu, na ulaze karibu na kioo.

Kwenye kukwangua uchafu wa kioo kabla ya kubandika uwe makini. Kioo kilichokazwa wakati mwingine hutoka tanuruni na punje ndogo za kioo zilizoganda juu yake. Kikwangulio kinaziburuta na kuacha michirizi isiyotoka milele. Jaribu kwenye kona kwanza. Ukisikia kukereza kama mchanga, simama, mwite mwenye nyumba ajionee, na mwandikiane.

Vumbi la nyumba si la karakana. Zima feni na kiyoyozi, lowesha fremu, tandika sakafu, sogeza mimea na makochi. Roli za majengo hufika sentimita 152 au 183 kwa upana, na filamu ikijikunja mkononi huo mkunjo haufutiki, kwa hiyo dirisha kubwa ni kazi ya watu wawili. Baadhi ya filamu za majengo zina gundi kavu inayoamshwa na maji: lowesha sana, sabuni kidogo, kamua kwa nguvu.

Filamu nene za usalama, mikroni 100 hadi 200 (milimita 0.1 hadi 0.2), usianzie nazo. Zinashikilia vipande kioo kikivunjika, lakini nyingine hutakiwa kufungwa kwenye fremu kwa silikoni maalumu, na hilo ni somo la pekee.

Bei ni kwa mita ya mraba. Pima kila kioo peke yake hata vikionekana pacha, uhesabu mabaki ya roli na kazi ya ngazi.

Mteja anayetaka faragha mwambie mapema: filamu ya kioo-kioo, ile inayoakisi kama kioo cha kujitazamia, humficha mchana, ila usiku taa zikiwaka ndani aliye nje anamwona. Mwambie pia kwamba kwa siku 30 hivi ataona ukungu na vifuko vidogo vya maji, asivitoboe kwa sindano na asioshe dirisha. Mimi huacha dirishani karatasi yenye jina la filamu, tarehe niliyobandika na tarehe ya kwanza ya kuosha. Mwezi ukiisha narudi na tochi, nakagua kona moja moja.