Kufundisha ubaguzi wa rangi kwa video za wanafunzi

Mwalimu mwenzangu, somo la ubaguzi wa rangi usilianze kwa hotuba. Anza na "A Girl Like Me", filamu ya dakika kama 7 aliyoitengeneza Kiri Davis mwaka 2005 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari New York. Alirudia jaribio la wanasesere la wanasaikolojia wa Marekani Kenneth na Mamie Clark, ambapo mtoto huchagua kati ya mwanasesere mweupe na mweusi: kati ya watoto weusi 21, 15 walimpendelea mwanasesere mweupe.

Simamisha video pale mtoto aliyekwisha kusema mwanasesere mweusi ndiye mbaya anapoulizwa yupi anafanana naye. Wanafunzi waandike wanachodhani atafanya, ndipo uendelee. Usiwaharakishe hapo, wengine wataguswa sana.

Kisha warekodi zao kwa simu, dakika 2 tu, kuhusu maneno ya rangi ya ngozi wanayoyasikia nyumbani na mtaani. Kwetu kwenye mkorogo, hawatakosa la kusema. Aliyebaguliwa asionyeshwe sura, sauti na mikono yatosha, maana mtoto akichekwa kwenye magrupu ya WhatsApp tumemuumiza upya. Video ibaki darasani mpaka mzazi na mtoto mwenyewe waridhie.